Anga ya Vita Wasiachiwe Wapiganaji Peke Yao

Tarehe 4 Mei 2020 ndege ndogo ya mizigo aina ya Embraer, mali ya kampuni ya Kenya, ilikuwa inakaribia kutua Berdale, kusini magharibi mwa Somalia. Ilibeba misaada, wakati huo wa korona. Ilitunguliwa, na watu wote sita waliokuwamo wakafa. Wanajeshi wa Ethiopia waliokuwa wakilinda kambi hapo walieleza baadaye kwamba hawakuwa na taarifa ya safari ile. Walipoiona inaruka chini walidhani inatafuta pa kujilipua.

Hakuna aliyekuwa na ugomvi na wale sita. Alikosekana tu mtu wa kuwaambia wenye bunduki kwamba ndege inakuja, na wa kumwambia rubani kwamba huko asiende.

Wengi wetu huamini kwamba anga ikiwa na hatari, nchi husika itaifunga. Ndivyo Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ulivyoweka: kila nchi ni mtawala kamili wa anga yake. Lakini nchi iliyo vitani ina sababu za kusitasita. Ndege zinazopita huilipa ada. Kufunga anga ni kukiri mbele ya ulimwengu kwamba imeshindwa kuilinda, na pengine ni kumshtua adui. Kuiachia nchi hiyo peke yake uamuzi huo ni kama kumwachia mwenye basi ajikagulie breki.

Tazameni yaliyotokea Ukraine tarehe 17 Julai 2014. Siku tatu kabla, ndege ya mizigo ya jeshi ilikuwa imetunguliwa mashariki mwa nchi hiyo. Serikali ikafunga anga ya huko hadi futi 32,000. Ndege ya Malaysia, ikitoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur, ilipita futi 33,000. Kwa mujibu wa ilani ya serikali ilikuwa mahali halali kabisa. Lakini ilitunguliwa kwa kombora la Buk, ambalo hufika juu kuliko hapo kwa mbali, na watu 298 waliangamia. Siku hiyo hiyo ndege 160 hivi za abiria zilipita eneo hilo, nyingine za mashirika yenye fedha na sifa kubwa. Kila shirika liliona wenzake wanapita, nalo likapita.

Kisha Tehran, tarehe 8 Januari 2020. Iran ilikuwa imerusha makombora usiku huo kwenye kambi za Wamarekani nchini Iraq. Mamlaka ya anga ya Marekani ikayapiga marufuku mashirika yake kuruka huko. Uwanja wa Tehran uliendelea na kazi kama kawaida. Ndege ya Ukraine iliruhusiwa kupaa, na dakika chache baadaye jeshi la Iran lenyewe likaitungua: watu 176. Onyo lilikuwapo, ila halikuwafikia waliokuwa wanafunga mikanda.

Tusidhani haya ni ya mbali. Novemba 2002 makombora mawili yalirushwa kwa ndege ya abiria ya Israel iliyokuwa imetoka kupaa Mombasa, yakaikosa. Leo vita viko Sudan na Congo mashariki.

Kwa hiyo mamlaka zetu za usafiri wa anga, Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe na Kigali, zisingoje nchi inayopigana iseme. Zikipata habari ya hatari, ziyakataze mashirika yaliyo chini yao siku hiyo hiyo, na ziambizane. Rubani anayekataa kupita mahali asipopaamini asipoteze kazi wala posho. Mashirika nayo yamweleze abiria, kabla hajalipa, ndege yake itapita juu ya nchi zipi.

Najua kuzunguka huchoma mafuta, na nauli hupanda. Tukubali kuilipa. Na wewe unayekata tiketi ya mwanao anayekwenda masomoni au kazini ng'ambo, uliza njia ya ndege kama unavyouliza uzito wa mizigo, na wasipokujibu, nenda kwa wengine.