Bei Iko Wapi?

Mafundi samani wa Keko, Dar es Salaam, wanajua kuuza: kitanda kinawekwa kando ya barabara, mteja anakigusa, anauliza bei, anajibiwa papo hapo. Ila wakishafungua tovuti, wengi huusahau ujuzi huo. Ukurasa wa kwanza unajaa "dira" na "dhamira", picha ya Wazungu wakipeana mikono, na fomu ndefu ya mawasiliano isiyojibiwa na mtu. Mwenye bando la kubana hasubiri picha nzito zifunguke. Anarudi zake Instagram. Anachotaka ni picha za kazi ulizozifanya mwenyewe, kwa mfano kitanda cha mninga, tano kwa sita, pamoja na bei ya kuanzia, siku za kusubiri, mahali ulipo na kitufe cha WhatsApp. Wengi huficha bei wakiwahofia washindani, kumbe washindani wako mlango wa pili na bei zako wanazijua siku nyingi. Asiyezijua ni mteja peke yake. Kwa hiyo futa dira, andika bei, na ujumbe ukiingia ujibu kabla mwenzako hajajibu.