Vishikwambi Vitoke Kabatini

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa wapewe walimu. Uamuzi huo ulistahili pongezi. Hata hivyo, liko swali ambalo halijaulizwa kwa sauti ya kutosha: je, mtoto wa darasa la kwanza amefaidika na nini?

Tunauliza kwa sababu tumeiona shule moja, isiyo na haja ya kutajwa, ambako vifaa hivyo vimo kabatini, vingali katika nailoni, na ufunguo umo mfukoni mwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu huyo si mzembe, anaogopa. Kifaa kikivunjika ataulizwa yeye. Kikikaa mwaka mzima bila kumfundisha mtu, hakuna atakayemwuliza.

Ushahidi kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa chombo hiki hatuhitaji kuutafuta ng'ambo. Ulipatikana Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika shindano la kimataifa la XPRIZE lililoendeshwa kwa ushirikiano na Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, watoto karibu 3,000 wa vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili. Wengi wao hawakuwa wamepata kwenda shule. Akina mama wa vijijini walivichaji kwa nguvu ya jua na kuwarudishia watoto. Mwanzoni, zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu.

Wapo waliosikia habari hiyo wakashangilia kwamba sasa mashine inatosha. Hao wamesahau nusu iliyobaki. Hao ni watoto waliogusa kioo kilekile, wakasikia sauti ileile, na bado hawakuweza kusoma. Na hapo ndipo panapohitajika jicho la mwalimu, linalotambua kwamba huyu hasikii vizuri, yule ana njaa, na mwingine anakisia tu. Wazee wetu watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Redio ilisema, lakini watu walijifunza kwa sababu walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, wakajadili waliyoyasikia.

Lakini pia tusijidanganye kwamba mwalimu peke yake anatosha. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, darasa la kwanza lenye watoto 100 si ajabu. Kipindi ni cha dakika 30. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mtoto akisoma, kila mmoja atapata sekunde 18, hata kabla ya kufuta ubao. Vishikwambi kumi tu, vikizungushwa kwa zamu, huwapa watoto kumi nafasi ya kurudia silabi mara ishirini bila kuchekwa, huku mwalimu akiwashughulikia wengine. Malawi wameshaanza njia hiyo: watoto wa shule za msingi za serikali hupokezana vishikwambi vyenye masomo ya Kichewa, mwalimu akiwamo chumbani. Programu wanayoitumia ni ya onebillion, mojawapo ya washindi wawili wa shindano lile la Tanga, na toleo lake la Kiswahili liliachwa wazi litumiwe na yeyote.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu maofisa elimu wa kata na wathibiti ubora wa shule wabadili swali lao. Wafikapo shuleni, wasiishie kuhesabu vifaa na kutia sahihi katika daftari la mali. Wamwombe mwalimu wa darasa la kwanza awaonyeshe ratiba ya zamu, kisha wamwite mtoto mmoja, yeyote, awashe kishikwambi mbele yao na kusoma. Na kioo kikipasuka mikononi mwa mtoto anayejifunza, mwalimu mkuu asikatwe mshahara.