Risala ya wapangaji kuhusu anwani za mtandao

Kwa mmiliki wa jengo letu, Gisenyi, Wilaya ya Rubavu.

Mheshimiwa,

Sisi wapangaji wa jengo lako la karibu na kivuko cha mpakani cha Petite Barrière, wachapishaji, mawakala wa huduma za serikali mtandaoni za Irembo na wauza vocha, tunakuletea risala hii kwa heshima, ila bila kuficha kero. Ikishapita saa nne asubuhi, anayewasha kompyuta hapati intaneti. Fundi wako anatutaka tuchange tununue kasi zaidi. Hatukubali. Kasi ipo; kilichokwisha ni anwani.

Kompyuta ikiwaka haina anwani ya IP. Hupiga mbiu mtandao mzima kuuliza nani anagawa; ruta huitajia anwani moja, kompyuta huiomba rasmi, ruta huithibitisha, yote kufumba na kufumbua. Utaratibu huo, DHCP, uliochapishwa kwa kiwango chake cha sasa mwaka 1997, hauna kosa hapa. Kosa ni la mipangilio. Ruta yako inagawa kuanzia 192.168.1.100 mpaka 192.168.1.199, yaani anwani 100 basi, na kila moja inakodishwa kwa saa 24. Neno la siri la Wi-Fi nalo limebandikwa ngazini, kila mpita njia analo. Mama anavuka na beseni la sambaza kwenda Goma, simu yake inajiunga yenyewe akipita mlangoni na kuchukua anwani. Kifaa kilichopo huomba kuongezewa muda nusu ya mkataba ikifika. Kilichokwisha kuvuka hakiombi wala hakirudishi, na ruta inakiwekea nafasi mpaka kesho.

Mpangaji aliyechelewa anakuta kwenye skrini namba inayoanza na 169.254. Kompyuta imeita, haikujibiwa, ikajipachika namba isiyoifikisha kwenye intaneti. Mteja wa cheti cha kuzaliwa amesimama hapo, nasi tunawasha bando za simu kwa faranga zetu.

Tena kuna mtu amechomeka ruta yake binafsi kwenye waya wa ghorofa ya chini. Nayo inagawa. Kompyuta kwa kawaida hushika jibu la kwanza. Likitoka kwa ruta ile, printa ya pamoja haionekani tena, na lawama inamwangukia mwenye printa!

Tunadai muda wa kukodi ushushwe uwe saa moja, kazi ya dakika chache kwa mwenye neno la siri la ruta, ambaye ni fundi wako peke yake. Wapita njia watengewe mtandao wao. Hatutaki wafukuzwe, wengi ni wateja wetu. Printa na kompyuta za mawakala ziwekewe anwani za kudumu. Ruta ya ghorofa ya chini ichomolewe, na swichi ifungwe isipokee mgawaji mwingine.

Tunangoja jibu la maandishi kabla ya kodi ya mwezi ujao. Lisipofika, kodi ya chumba tutalipa yote, ila fungu la intaneti litabaki kwa mhazini wetu.

Wapangaji wa jengo,
Gisenyi