Tahariri: Somo la seli lisiishie ubaoni

Katika shule nyingi za sekondari nchini Kongo, mgawanyiko wa seli hufundishwa kwa chaki tu. Mwalimu anachora duara ubaoni, wanafunzi wananakili: profaze, metafaze, anafaze, telofaze. Siku ya mtihani wanayarudisha maneno hayo kama walivyoyapokea. Wengi wanapata diploma bila kuona hata seli moja.

Hasara hiyo inauma zaidi kwa sababu somo lenyewe lina neno la Kiswahili ndani yake. Mwaka 1893, Mjerumani Paul Lindner alieleza chachu iliyotoka katika pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, akaiita Schizosaccharomyces pombe. Chachu hiyo hujikata katikati na kuwa mbili zilizo sawa. Kwa kuichunguza, Mwingereza Paul Nurse alitambua jeni inayoamua kama seli igawanyike au ingoje. Mwaka 1987, kikundi chake kilionyesha kwamba jeni ya binadamu inaweza kufanya kazi hiyo ndani ya chachu ambayo jeni yake imeharibika. Mwaka 2001 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt.

Jambo hili linagusa hospitali zetu. Kansa ni seli zinazogawanyika bila kutii amri. Limfoma ya Burkitt, ambayo mara nyingi huvimbisha taya za watoto katika maeneo ya Afrika yenye malaria nyingi, ni mojawapo. Vinkristini, moja ya dawa zake, huzuia kujengeka kwa nyuzi ambazo seli hutumia kutenganisha kromosomu. Daktari, muuguzi na fundi wa maabara watakaomhudumia mtoto wa kesho wako darasani leo.

Viongozi wa elimu watasema pesa hakuna. Lakini mikroskopi moja inaweza kuzunguka kati ya shule kadhaa za mji mmoja. Kitunguu kikiwekwa juu ya maji huota mizizi kwa siku chache. Ncha ya mzizi, dawa ya rangi na vipande viwili vya kioo vinatosha kuonyesha kromosomu zikiachana. Na mwalimu aruhusiwe kueleza kwanza kwa lugha ambayo watoto wanaielewa, ndipo aje kwenye Kifaransa cha mtihani.

Bajeti ijayo ya elimu iseme wazi: ni shule ngapi zitapata mikroskopi, katika majimbo gani, na lini.