Shokapu si urembo

Vijana wenzangu, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma kimyakimya bila kuacha hata dole gumba: leo siandiki juu ya posho wala juu ya vitambulisho. Naandika juu ya shokapu. Amortiseri, kama mafundi wa Gatsata wanavyosema. Kile chuma chenye springi nje na mafuta ndani ambacho mradi ukinunua pikipiki ya magurudumu matatu hakuna mtu anayekiangalia, mpaka siku kimevunja mgongo wa mtu.

Nadai hivi. Pikipiki ya magurudumu matatu ikikabidhiwa kwa mkimbizi na shokapu zilezile ilizotoka nazo kwenye boksi, bila mtu kumpima atakayeiendesha na bila kupima mzigo atakaobeba, hiyo kazi imeachwa nusu. Nusu iliyobaki tunailipa sisi.

Kwa ambao hamko Kigali: hapa pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu tunaiita rifani, hata kama imeandikwa jina lingine ubavuni. Jina limetoka kwa Lifan, kampuni ya Chongqing, China, iliyoanza mwaka 1992. (Chongqing nayo ni mji wa milima kama huu wetu, kwa hiyo mtu asituambie kwamba Wachina hawajui mlima.) Mbele ina gurudumu moja na mabomba mawili yenye springi na mafuta. Nyuma ina sanduku, ekseli moja nzima yenye difu katikati, na springi za mabamba kama za lori, ila ndogo. Bajaji ya abiria ni tofauti, kila gurudumu la nyuma lina springi yake na shokapu yake. Halafu kuna aina ya tatu, ile pikipiki ya kawaida iliyoongezewa magurudumu mawili nyuma kwa ajili ya ndugu zetu wenye ulemavu wa miguu. Hii ya tatu ndiyo inayonitia hasira zaidi, nitaifikia.

Sasa hiyo rifani inafanya kazi wapi? Inachukua viazi Nyabugogo inavipeleka Kimironko. Inapandisha saruji na milango ya Gisozi kwenye barabara za mawe, zile ambazo hata ukitembea kwa miguu unahisi magoti. Inashuka Kimisagara na gunia juu ya gunia. Na tuseme ukweli, hakuna anayebeba uzito ulioandikwa kwenye kibao. Mteja analipa kwa safari, sio kwa kilo, na wewe una deni la kikundi.

Ninaujua mradi mmoja, jina silitaji, uliokipa kikundi cha vijana rifani. Kulikuwa na bango, fulana, soda, na picha ya watu wanane wameshika ufunguo mmoja. Wiki chache baadaye vijana wakaomba pesa ya kubadilisha springi na shokapu, kwa sababu ikijaa mzigo sanduku linagonga ekseli kwenye kila shimo. Jibu: marekebisho hayamo kwenye bajeti, na tena yanaondoa garantii. Sawa. Wakaendelea. Bamba la kwanza likakatika, likafuata la pili, ekseli ikakaa upande, tairi likaanza kulika kama limepigwa msasa. Kwenye ripoti ya mradi ile rifani bado inahesabiwa: moja, imekabidhiwa. Hakuna safu inayouliza kama inatembea.

Hoja ya garantii naielewa, sio ya kijinga. Mtu akichomelea fremu hovyo, kiwanda kina haki ya kukataa. Lakini hebu tuangalie garantii yenyewe inatusaidia nini: pikipiki ikiharibika kwa sababu ya mzigo mkubwa, muuzaji atasema ulizidisha mzigo, na atakuwa amesema kweli. Kwa hiyo ukibadilisha shokapu garantii hakuna, na usipobadilisha pia hakuna. Kama mradi unaogopa marekebisho mabaya, dawa yake ni kulipia marekebisho mazuri, kwa fundi anayejulikana, na risiti. Ukikataza, vijana watarekebisha usiku, kwa kipande cha bomba na welding ya jirani.

Na wanarekebisha vibaya! Hapa nageuka kwetu wenyewe, msinune.

Sisi vijana tuna ugonjwa wa kufikiri kwamba shokapu ngumu ndiyo nzuri. Tunanunua ndefu zaidi, nene zaidi, nyekundu ikiwezekana, tunazungusha ile kola ya chini mpaka hatua ya mwisho, halafu tunapiga picha. Kola ile, kwenye shokapu nyingi za pikipiki ina hatua tano, haifanyi springi iwe na nguvu zaidi. Inaikandamiza kidogo kabla ya mzigo kuja, basi. Pikipiki inainuka, wewe unafurahi, lakini springi ni ileile. Kama inalala chini ya mzigo wako kwa sababu ni nyembamba, hatua ya tano haitakuokoa.

Nguvu ya springi iko kwenye waya wake. Waya wa milimita 10 ukiubadilisha kwa wa milimita 11, vingine vyote vikiwa sawa, ugumu unaongezeka karibu asilimia 46. Milimita moja tu! Ukienda 12, ni zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana fundi mwenye kalipa ni wa maana kuliko fundi mwenye maneno, na ndiyo maana kununua "saizi ya juu" kwa macho ni kamari. Kukata koili moja ya springi nako kunaifanya iwe ngumu zaidi, watu wengi wanashangaa nikisema hivyo, ila inakuwa pia fupi na unaanza kugonga mapema. Kwenye mabamba, ukitoka matano kwenda sita yanayofanana umeongeza kama sehemu moja ya tano.

Halafu kuna mafuta. Springi inabeba, mafuta yanatuliza. Ukiweka springi yenye nguvu kwenye shokapu ambayo mafuta yake yamevuja, umejitengenezea manati. Gurudumu linaingia shimoni, springi inalirusha, na kwa sekunde hiyo gurudumu haligusi barabara. Gurudumu lisilogusa barabara halina breki. Ukiwa unashuka kwenye mawe na mvua imenyesha, hesabu mwenyewe. Mabamba yana msuguano wao kwa wao unaotuliza kidogo, lakini rifani iliyoongezewa mabamba bila shokapu pembeni inarukaruka ikiwa tupu mpaka dereva anasimama juu ya miguu kama mpanda farasi.

Na urefu. Hapa watu wanakufa, kwa hiyo nitaenda polepole. Pikipiki ya magurudumu mawili inalala kwenye kona. Ya matatu hailali. Imesimama juu ya pembetatu, ncha ikiwa mbele kwenye lile gurudumu moja. Uzito ukibaki nyuma na chini, karibu na ekseli, pembetatu ni pana. Ukifunga breki huku unakata kona, uzito unakimbilia mbele, mahali ambapo pembetatu ni nyembamba, na chombo kinapinduka kwa upande wa mbele. Waingereza walikuwa na gari la magurudumu matatu, Reliant Robin, tangu 1973, na mpaka leo wanalicheka kwa sababu hiyohiyo. Sasa wewe unaweka shokapu ndefu nyuma. Umepandisha mzigo juu. Umeinamisha pikipiki mbele, mabomba ya mbele yamesimama wima zaidi, usukani umekuwa mwepesi na hautulii ukishuka kwa kasi. Umelipa pesa yako kununua ajali.

Ubaya mwingine ni kuchanganya: kushoto mpya, kulia ya mtumba, kwa sababu iliyoharibika ni moja. Zibadilishwe mbili pamoja, za aina moja. Upande mmoja ukiwa laini, kona zinazosukuma uzito upande huo zitakuwa zinakulaza.

Basi nifanyeje? utauliza. Chukua tepu ya kupimia. Inua fremu kwa jeki mpaka magurudumu ya nyuma yananing'inia, pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama uliyochora kwenye fremu. Shusha, pakia mzigo wako wa kila siku, wa kweli, sio ule wa kumwambia polisi, dereva akae, pima tena. Tofauti ndiyo kiasi ambacho springi imelala. Linganisha na nafasi yote iliyopo mpaka kwenye mpira wa kugongea. Kanuni ya mafundi wa pikipiki ni karibu theluthi moja: kama nafasi yote ni sentimita 9, ilale kama 3, zile 6 ziachie mashimo. Kwa rifani iliyojaa mimi nakubali hata ikikaribia nusu. Ikizidi hapo, tafuta springi nyingine au punguza gunia. Pima kushoto, pima kulia. Mbele usisahau mafuta ya mabomba, yawe kiasi kilekile pande zote mbili. Kama pua inazama kila ukigusa breki, kutoka mafuta ya 10 kwenda ya 15 mara nyingi unaisikia tofauti siku hiyohiyo. Na ukinunua mtumba, angalia fimbo ya shokapu. Ikiwa na kutu au imelowa mafuta, rudisha, hata kama imepakwa rangi mpya. Hasa kama imepakwa rangi mpya.

Nimesema nitafikia ile ya tatu. Pikipiki ya mtu mwenye ulemavu. Shokapu zake zilitengenezwa kwa pikipiki ya watu wawili na mzigo. Mwenye nayo ana kilo hamsini, anaendesha peke yake. Kwake hizo shokapu ni kama hazipo, ni vyuma viwili. Sasa fikiria mtu aliyeumia uti wa mgongo, ambaye hahisi makalio yake. Wewe na mimi barabara ikitupiga tunajiinua, tunageuka, tunalalamika. Yeye hajui kwamba anapigwa. Anajua jioni, mtu akimwonyesha damu kwenye nguo. Vidonda vya namna hiyo vinachukua miezi kupona, na vikiingia maambukizi vinaua. Tumempa chombo cha kumtoa nyumbani, kikamrudisha kitandani, na kwenye picha ya makabidhiano anacheka. Kwake dawa ni kinyume cha vijana wa viazi: springi laini zaidi, kola kwenye hatua ya chini, na mto wa kiti unaostahili. Kumpima ni kazi ya nusu saa. Nani aliifanya?

Msiniambie haya ni ya kitaalamu sana kwa wakimbizi. Wengi wetu tumetoka Kivu. Goma tumeacha chukudu, gari la mbao ambalo mji wenyewe umelijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye rompuwe. Nani aliyeandika mwongozo wa chukudu? Mafundi walivisha magurudumu ya mbao mpira wa matairi ya zamani kwa sababu walijua barabara yao, mawe ya volkano. Na waliopita Petite Barrière, pale Goma inapopakana na Gisenyi, wamewaona wafanyabiashara wenye ulemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu, zimejaa mizigo mpaka mwenyewe haonekani. Hizo zilitengenezwa kwa kipimo cha mwili wa mtu na uzito wa bidhaa zake. Tukivuka mpaka na kuitwa wanufaika, ghafla tunapewa saizi moja kwa wote.

Na mafundi tunao. Vijana wangapi wa kambi na wa mjini wamesomea ufundi wa pikipiki, wana cheti, na wamekaa? Walipeni hao. Pea ya shokapu na siku moja ya fundi ni sehemu ndogo sana ya bei ya rifani; ondoeni fulana tu, pesa inapatikana. Makabidhiano yasifanyike ofisini. Yafanyike gereji, dereva akiwepo, mzigo wake ukiwepo, magunia ya mchanga yakikosekana viazi. Baada ya mwezi mmoja irudi kupimwa, kwa sababu springi mpya inalala kidogo ikizoea na nati zinalegea, halafu irudi tena baada ya miezi sita kwa ajili ya mafuta.

Na ile fomu ya kukabidhi, iliyo na mahali pa jina, namba ya kesi, saini na dole gumba, iongezewe mistari miwili: ikiwa na mzigo, kushoto imelala sentimita ngapi, kulia sentimita ngapi.