Mzee Maruge na Deski la Watoto

Pale Makutano ya Meru njia hukutana. Vizazi je, vyakutana? Swali hilo, ndugu msomaji, lanirudisha kwenye filamu The First Grader ya 2010. Yasimulia kisa cha kweli cha Kimani Maruge, mpiganaji wa Mau Mau aliyeanza darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004, naye ana miaka 84.

Sisi wa pwani hatustaajabu sana. Chuoni nimemwona babu wa watu akianza alifu pamoja na wajukuu, wala mwalimu hakumcheka. Lililonigusa ni jingine: watoto wale wamjua mzee kwa kuketi naye, si kwa kuhutubiwa. Oliver Litondo ameigiza kwa utulivu mkubwa. Ila filamu hiyo, iliyoongozwa na Mwingereza Justin Chadwick, kwa sehemu kubwa ni Kiingereza. Nyanya wa Meru au Embu aliyekula kiapo cha msituni huenda akahitaji mjukuu wa kumfasiria habari zinazomhusu mwenyewe!

Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228 walioteswa enzi za Mau Mau. Maruge alikwisha kufariki 2009. Waliobaki Meru na Embu ni wakongwe, na wengine mjukuu wa kuwauliza bado hajafika.