NANI ANAKULA BEI YA PICHA ZETU?



Tangu simu zenye kamera ziingie mikononi mwa kila mtu, wapiga picha wa Laini Saba wamepungukiwa na kazi. Zamani mtu akitaka picha ya harusi, ya maziko au ya mtoto aliyemaliza shule, alimwita mpiga picha na kumlipa. Leo jamaa wanajipiga wenyewe. Ndiyo maana vijana wengi wanatuuliza: Je, ni kweli kwamba mtu aweza kupata fedha kwa kuuza picha zake katika mtandao? Jibu letu ni ndiyo, ni kweli. Lakini tunataka kila mmoja ajue nauli kabla hajapanda gari.

Kazi yenyewe iko hivi. Kuna makampuni makubwa ya ng'ambo, kama Shutterstock, Getty Images na Alamy, ambayo ni soko la picha. Mpiga picha hupeleka picha zake, kampuni huzikagua, kisha huziweka mbele ya wanunuzi: wenye magazeti, wachapishaji wa vitabu na watengenezaji wa matangazo. Mnunuzi hulipia ruhusa ya kuitumia picha, na kwa hiyo picha moja yaweza kuuzwa mara nyingi. Kila ikiuzwa, mwenyewe hupata fungu lake. Hili ni jambo zuri, wala hatumkatazi mtu.

Sasa litazameni hilo fungu. Juni 2020 Shutterstock ilibadili malipo yake. Anayeanza hupewa 15 kwa mia ya bei, na ni yule tu anayeuza zaidi ya picha 25,000 kwa mwaka ambaye hufikia 40 kwa mia. Kila Januari 1 wote hurudishwa daraja la kwanza, mzee wa kazi pamoja na mgeni. Malipo ya chini kabisa yakawa senti 10 za dola kwa picha, yaani karibu Sh. 13 zetu. Fanyeni hesabu. Kwa bei hiyo, ili upate Sh. 650 ni lazima picha zako zinunuliwe mara 50, na bado hujatoa gharama ya bando wala ya kamera. Tena Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo pato la picha zinazonunuliwa kule laweza kukatwa 30 kwa mia. Wapiga picha wa nchi nyingi walikasirika mwaka ule, na wengine waliondoa picha zao sokoni. Lakini walikuwa wametawanyika duniani, na malipo ya zamani hayakurudi.

Liko jambo la pili, nalo linatugusa zaidi. Kibera imepigwa picha na wageni kwa miaka mingi: mabati yenye kutu, reli inayopita kati ya nyumba, mtoto kando ya mtaro. Hata filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005 sehemu yake ilipigwa hapa hapa. Mara ngapi mama anayekaanga samaki njiani amepigwa picha asiulizwe neno, wala asipate hata senti moja? Tumelalamika sana juu ya tabia hiyo. Sasa kamera iko mikononi mwetu. Je, tutamtendea jirani yetu vile vile?

Makampuni yenyewe hudai karatasi ya ruhusa, yenye sahihi ya mtu anayetambulikana pichani, kama picha ni ya matangazo. Kwa picha ya habari hawaidai. Lakini sisi tunaishi na watu hawa, tunachota maji nao na kuzikana nao. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo ina meno: Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa Sh. 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao.

Liko na la tatu. Wengi wetu, hapa na kwa wenzetu wa Kawangware, hupata kazi kwa mashirika ya misaada kuliko kwa hayo makampuni. Mtu hupewa pesa ya siku moja, hutoa picha 200, akaenda zake. Jueni kwamba chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, picha uliyoagizwa na kulipwa kuipiga huhesabiwa kuwa mali ya aliyekuagiza, isipokuwa mmepatana vingine. Picha hulindwa kwa miaka 50. Basi ukinyamaza siku ya kupatana, umeuza miaka 50 kwa chakula cha jioni.

Maoni yetu ni haya:

1. Asipokee mtu kazi bila mapatano ya maandishi yanayosema picha ni za nani na zitatumika wapi.

2. Tuwe na karatasi moja ya ruhusa, ya Kiswahili chepesi, na kila anayetambulikana katika picha iliyouzwa apewe fungu linalojulikana.

3. Tuweke bei moja ya siku kwa mashirika na magazeti, na asiwepo wa kuipunguza kisirisiri ili kumpokonya mwenziwe kazi.

Mmoja atasema, "Nikikataa mimi, mwingine atakubali." Ni kweli, na ndiyo sababu tunaandika. Mwaka 1955 wafanya kazi wa bandari ya Mombasa waligoma kwa pamoja, na baada ya upatanishi mishahara yao iliongezwa. Mchukuzi mmoja akisimama langoni peke yake angefukuzwa tu. Bei ya Shutterstock hatuwezi kuibadili tukiwa Laini Saba, lakini bei ya kazi inayofanyika Laini Saba twaweza, tukitaka.

Tutalileta jambo hili mbele ya mkutano wa wanachama. Njooni na mapatano mliyotia sahihi, tuyasome pamoja.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.